Mwitikaji wa Tuta la Ukunjufu

Habari za nchi ya Ukunjufu zinaletwa hapa kama zilivyopokewa kwa Mwajabu binti Kitwana, mwanamke asiye na mazoea ya kutia chumvi, ambaye alikaa kule miezi minne, akarudi amekonda kidogo na analala usingizi mzuri.

Mwajabu alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu. Kwao, kwa miaka kumi na tisa, alizunguka majumbani kuuguza watu. Aliosha vidonda, akawageuza wagonjwa waliolala mno upande mmoja, akakaa na wale ambao jamaa zao wamechoka kukaa nao. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Alianza kwa jirani mmoja, jirani akamtaja kwa dada yake, na dada mtu akamtaja kwa mtaa mzima. Aliipenda kazi ile. Alipenda namna mgonjwa anavyolegeza mabega anapoingia mtu asiye na haraka. Lakini mwaka wa mwisho, asubuhi moja, alisikia hodi mlangoni, akaingia stoo na kujifungia kati ya gunia la mkaa na debe la mafuta, akatulia humo mpaka mwenye hodi akaenda zake. Kujificha hakukumtisha. Kilichomtisha ni raha aliyoipata humo ndani.

Kwa hiyo aliposikia kwamba iko nchi ambayo kazi zote za umma hufanywa na watu wanaojitolea, alitaka kuiona.

"Nikajue wenzetu wanafanyaje wasichoke," alimwambia mdogo wake, na akaenda.

Mjini Ukunjufu alipata chumba kwa mwoka mikate mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na minne aitwaye Somoe. Jambo la kwanza lililomshangaza lilitokea siku ileile. Alikuwa uani, akataka kuuliza maji ya kuoga yako wapi, akaita, "Somoe." Kimya. Akaita tena. Somoe akatokea mlangoni, mikono imejaa unga, kidole amekiweka mdomoni.

"Usiniite kwa sauti, mama," alisema kwa kunong'ona. "Nikisahau nikakuitika, na baragumu likawa linalia wakati huo, nimekwisha."

Wakaingia jikoni, na Somoe akamweleza sheria huku akikanda unga. Ukunjufu haina mafundi wa serikali, wala wazoa taka, wala walinzi wa mto. Kazi ya umma ikitokea, baragumu hupigwa uwanjani, na mpigaji hutangaza kazi yenyewe: daraja limelegea, au kisima kimeingia tope, au kuna mtoto hana wa kumfundisha kusoma. Kisha watu wote hungoja. Wa kwanza kuitika, "naam" akiwa mwanamume, "abee" akiwa mwanamke, kazi hiyo inakuwa yake. Si ya siku hiyo tu. Ni yake maisha.

"Maisha yake yote?" Mwajabu aliuliza.

"Ndiyo, mama. Ameitika kwa hiari yake. Nani amnyang'anye mtu hiari yake?"

Ndiyo maana katika nchi ile maneno hayo mawili yalikuwa yametoweka majumbani. Mke akimwita mumewe, mume hukohoa. Mtoto akiitwa na mama yake, hufunzwa kugonga kitu kilicho karibu. Mwajabu alisema kwamba ukipita mitaani jioni, wakati akina mama wanawaita watoto kula, husikii ila milio ya vijiko na vifuniko vya sufuria kila upande.

Wiki ya pili aliliona baragumu kwa macho yake. Ngazi ya soko ilikuwa imevunjika. Baragumu lilipolia, watu waliacha mazungumzo katikati ya neno. Mmoja akaanza kukagua kucha zake. Aliyekuwa na kikohozi alijiziba mdomo kwa kofia mpaka macho yakatoka machozi. Kimya kikakaa kiasi cha kuchemsha birika la chai. Mwishowe bibi mmoja, ambaye tayari alikuwa na visima viwili na darasa la watoto, akasema "abee" kwa sauti ya mtu anayeona haya kwa niaba ya wengine. Uwanja mzima ukapumua, kisha ukapiga makofi. Watu wa Ukunjufu, Mwajabu anakiri, hupiga makofi vizuri sana.

Katikati ya umati, siku hizo, husimama Wasikizi. Hao ndio watumishi pekee wa nchi ile wanaopata mshahara, na kazi yao ni kusikia nani ameitika kwanza. Kila asubuhi husafishwa masikio kwa mafuta ya uvuguvugu. Mkuu wao aliitwa Bwana Fumbwe, mtu mwembamba, mpole, mwenye daftari ambalo haliachi hata akienda kunyoa. Mwajabu alikwenda kumsabahi ofisini, akamuuliza kwa nini Wasikizi wanalipwa ilhali wengine wote wanajitolea.

"Kazi ya kuwasikiliza wanaojitolea ni nzito, bibi mgeni," Bwana Fumbwe alijibu bila kutabasamu. "Haiwezi kuachiwa mtu wa kujitolea."

Ni yeye aliyemkaribisha barazani kusikiliza shauri la Pandu. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mke wa Pandu alimwita dirishani wakati uleule baragumu lilipokuwa linalia kwa ajili ya mtaro wa soko, na Pandu, aliyekuwa mgeni kidogo katika ndoa, akasema "naam." Tangu hapo mtaro ni wake. Kila mwaka huleta maombi aondolewe, na kila mwaka wajumbe hujadili kwa siku mbili: je, naam ni mali ya aliyeita au ya aliyesikia? Mjumbe mmoja alishikilia kwamba naam ikishatoka mdomoni haina mwenyewe tena, ni ya taifa. Mwingine akauliza kwa nini mke wa Pandu hakuitwa kizimbani kwa kuita hovyo. Mwishowe shauri likaahirishwa mpaka mwaka ujao, na Pandu akashukuriwa rasmi kwa uvumilivu wake.

Walipotoka, Mwajabu alimpa pole. Pandu akacheka kidogo.

"Nikwambie kweli, mama, mtaro wenyewe siuchukii. Haunuki. Watu wanapita wananisalimu kwa jina. Ningeukosa ukiondoka. Mimi nataka siku mtoto wangu akiumwa, awepo mtu wa kushika koleo. Basi. Lakini hilo sheria haina mahali pa kuliandika."

Jioni hiyo Mwajabu alimsimulia Somoe habari za Pandu.

"Wewe hujaonana na baba yangu," Somoe alisema.

Baba yake Somoe, Mzee Ngwali, alikuwa mwitikaji wa tuta. Mji wa Ukunjufu uko chini kuliko mto wake, na kinachozuia maji yasiingie majumbani ni tuta la udongo lenye urefu wa mwendo wa nusu saa. Ngwali aliitika miaka thelathini na mmoja iliyopita, Somoe akiwa na miaka mitatu. Tangu siku hiyo alilikagua kila asubuhi na kila jioni, peke yake, akaziba mashimo ya panya, akang'oa miti inayotanua mizizi, akabeba viroba vya mchanga kila masika.

Nchi haikumsahau. Wizara ya Shukrani, ambayo ndiyo kubwa kuliko wizara zote, humpelekea kila mwitikaji kiti kimoja cha heshima kila mwaka, na wale wakubwa hutungiwa wimbo unaoimbwa uwanjani kila Ijumaa. Nyumbani kwa Mzee Ngwali kulikuwa na viti thelathini na kimoja, vimepangwa ukutani na vingine juu ya vingine, na hapakuwa na anayevikalia, maana mwenye nyumba yuko tutani. Somoe alizoea kukaa mkekani.

"Niliujua wimbo wa baba kabla sijajua anapenda mboga gani," alisema. "Nilipoolewa, aliondoka kabla ya chakula kwa sababu mawingu yalikusanyika upande wa juu. Mama alipokuwa anakata roho, ilikuwa masika. Watu wakaja kunipa pole, wakaniambia, una bahati wewe, una baba shujaa. Mimi sijawahi kuitika baragumu hata siku moja, mama. Wala sitaitika."

Siku ya pili Mwajabu alikwenda tutani mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mgeni wa Somoe. Kanyaga upande wa majani, huko kwingine udongo ni mpya."

Mzee Ngwali alifurahi kupata wa kumwonyesha. Alijua kila hatua ya tuta lile. Hapa maji yaliwahi kupenya mwaka Somoe alipoota meno ya kwanza ya ukubwani, pale aliziba kwa matete na udongo mwekundu na pamekuwa pagumu kuliko mwamba. Alizungumza kama mtu anayetembeza mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na Mwajabu akaona kwamba furaha ile haikuwa ya kujifanya. Lakini aliona na jambo lingine. Kila baada ya hatua arobaini mzee alisimama, akainama kuchunguza unyasi usiokuwa na neno lolote, na kifua chake kikapanda na kushuka.

Mwajabu alikuwa ameapa hatamtazama mgonjwa katika safari ile. Hata hivyo akajikuta amepiga magoti, akambonyeza mzee mguuni kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Unalalia mito mingapi, mzee?"

"Mitatu."

"Na mwaka jana?"

"Mmoja."

"Nitakwambia kama ninavyowaambia wa kwetu. Moyo wako umeelemewa. Ukipumzika, miaka unayo. Ukiendelea kubeba viroba, huna masika mawili."

Mzee Ngwali alikaa juu ya tuta akautazama mto. Akamweleza kwamba njia ya kupumzika ipo. Mwitikaji huenda mbele ya Msikizi Mkuu na kutamka neno moja, "nimechoka." Hapo kazi humtoka na baragumu hupigwa upya. Lakini anayetamka hurudisha shukrani zote. Viti hubebwa, na wimbo hauimbwi tena.

"Viti wachukue," alisema. "Vinanibana."

"Na wimbo?"

"Wimbo una jina langu, mama." Akang'oa jani, akalitafuna. "Huko nje watu wananijua mimi kwa wimbo. Ukiondoka, nitakuwa mzee anayehema."

"Hukupata hata msaidizi, miaka yote hii?"

"Waliwahi kuja. Wanaharibu tu."

Masika yakaingia mapema mwaka ule. Mto ukapanda siku tano mfululizo, na siku ya sita, jua likiwa limeshachomoza lakini halionekani kwa mvua, Pandu alikuja mbio kwa Somoe. Mzee ameanguka kwenye kona ya tuta, na pale kwenye kona maji yanatoka upande wa pili, membamba kama uzi, ya rangi ya udongo.

Walimbeba hadi nyumbani, Pandu miguuni, Somoe na Mwajabu mabegani. Mwajabu alimkalisha, akamwekea mito mgongoni, akamfungulia vifungo. Alikuwa hai, akihema, na akili zake zote anazo. Bwana Fumbwe akaingia amelowa maji, daftari amelifunika kwa kanzu.

"Mzee Ngwali," alisema, akapiga magoti kando ya kitanda. "Kona inavuja. Sheria hainiruhusu kupiga baragumu na wewe bado ni mwitikaji. Nakuomba. Nyumba yangu mwenyewe iko chini pale."

Mzee akageuza uso ukutani. Watu wote chumbani walisikia mvua juu ya paa. Somoe akasogea, akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo, alisema baadaye, hakumbuki kulifanya tangu utotoni.

"Baba," alisema. "Tamka. Wimbo nitauimba mimi jikoni."

Mzee Ngwali akamtazama. Kisha akasema neno lile polepole, bila kumwangalia Fumbwe, kana kwamba anamwambia binti yake peke yake.

"Nimechoka."

Bwana Fumbwe akaandika, akapuliza wino ukauke, akatoka.

Baragumu likalia. Uwanja ukajaa, kwa kuwa hapakuwa na mtu asiyejua maji yako wapi. Mpigaji akatangaza: tuta halina mtu. Na kimya kikashuka. Mwajabu, aliyekuwa amefuata nyuma pamoja na Somoe, anasema lingekuwa kosa kuwaita watu wale wabaya. Hakuna aliyependa kuzama. Lakini kila mmoja aliona mbele yake miaka thelathini na mmoja ya peke yake, na viti visivyokaliwa, na mtoto anayejua wimbo wa baba yake. Walimtazama jirani, jirani akawatazama wao. Mvua ikawapiga wote sawasawa.

Kisha macho yakaanza kumgeukia yeye. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mgeni ni mtu wa kusaidia watu, na sheria haikubagua wageni. Mwajabu alilihisi neno linapanda kooni lenyewe, kama lilivyopanda kwa miaka kumi na tisa. Alijua lilivyo. Alijua utamu wake wa mwanzo, namna watu wanavyokuangalia, namna mwili unavyosimama wima. Na alijua linakokwenda kuishia. Akafungua mdomo. Wasikizi wote wakaelekeza masikio.

"Tuko wangapi?" aliuliza.

Bwana Fumbwe alingoja kidogo, kama anayedhani kuna neno lingine linakuja. Akafunua daftari, kurasa mbili, tatu.

"Bibi mgeni, hilo si jibu."

"Si jibu. Ni swali."

"Sheria haina mahali pa swali."

"Basi liandike pembeni," Mwajabu alisema. "Tuko wangapi hapa wa kwenda kwenye ile kona?"

Wasikizi wawili wakaanza kubishana kwa sauti ya chini kama swali linaweza kuhesabiwa kuwa nusu ya kuitika, na nusu hiyo ni ya maisha au ya nusu ya maisha. Wakiwa katikati ya ubishi, sauti ikatoka kando ya Mwajabu, kavu, ya mtu asiyezoea kuitumia hadharani.

"Wawili," alisema Somoe.

Watu wakageuka kumtazama binti wa Ngwali. Halafu Pandu akainua koleo lake.

"Watatu. Lakini mimi saa kumi nitaondoka. Mwanangu ana homa."

Jambo hilo halikuwahi kusikika Ukunjufu, mtu kukubali na kuweka mpaka wa kukubali kwake. Watu walingoja aambiwe kwamba amekosea. Hakuna aliyemwambia. Hapo yule bibi wa visima viwili akasema yeye hawezi kubeba ila anaweza kupika uji. Mtu mwingine akasema yupo hadi adhuhuri. Mwingine akasema mgongo wake mbovu lakini ana makarai mawili na toroli. Hesabu ikapita thelathini, ikapita hamsini. Bwana Fumbwe alijaribu kuandika majina mpaka mvua ikaufuta wino, akalitazama daftari, akalikabidhi kwa mpiga baragumu, akavua viatu.

Kazi yenyewe, Mwajabu haifichi, ilifanywa vibaya. Walijazana mahali pamoja, wakakanyagana. Kila kiroba walichokiweka kilisukumwa na maji kabla ya kingine kufika. Ule uzi ulikuwa sasa na unene wa mkono. Mwajabu alishuka nyumbani kumtazama mgonjwa wake, akamkuta amekaa wima, amekwisha kuvaa shati.

"Nipelekeni," alisema Mzee Ngwali.

"Hutembei, mzee."

"Sikusema nitatembea."

Wakamchukua na kitanda chake cha kamba, watu wanne, wamemfunika turubai. Alipofika na kuona viroba vilivyorundikwa, uso ulimkunjamana kama anayeona chakula kimemwagwa. Kisha akanyoosha kidole upande wa chini, kwenye kichaka cha matete.

"Mnaziba bure. Fungueni mlango wa maji kwanza."

Watu wakatazamana. Hapakuwa na aliyejua kuna mlango. Wakafyeka matete, na kweli ukaonekana, ubao mnene uliofungwa kwa nyororo, umefunikwa na nyasi za miaka. Waliuvuta watu wanane. Maji yakapata njia, yakatoka kwa kishindo kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya bondeni, na pale konani yakalegea. Viroba vikaanza kukaa. Miche ya familia ishirini na mbili ikazama siku ile mbele ya macho ya wenyewe, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa waliouvuta ule ubao. Nyumba hazikuingia maji. Hakuna aliyekufa. Saa kumi Pandu aliaga akaenda kwa mwanawe, na mtu mwingine akapokea koleo.

Alasiri, mvua ilipopungua, Mwajabu alikaa kando ya kitanda cha mzee na bakuli la uji.

"Ule mlango," Mzee Ngwali alisema bila kuulizwa. "Ungefunguliwa jana, mpunga usingezama wote. Ningemwonyesha mtu mmoja tu." Akahema. "Sikumwonyesha. Si kwamba walikuwa wanaharibu. Nilipenda wakija kuniuliza."

Mwajabu aliupoza uji kwa kijiko.

"Mimi nina namna yangu ya kumgeuza mgonjwa asiumie," alisema. "Watu kwetu walitaka niwafundishe. Nikawaambia, acheni tu, nitakuja mwenyewe. Halafu nikawalaumu kwa kuniita."

Mzee akamwangalia, akapokea kijiko.

Yaliyofuata barazani yanafaa kutajwa kwa ufupi. Wajumbe walikaa siku tisa na kurekebisha sheria. Ikaamriwa kwamba kuanzia sasa baragumu likilia, raia wote watauliza kwa pamoja, "Tuko wangapi?" Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya choo cha soko. Uwanja mzima uliuliza kwa sauti moja, nzuri, iliyopangika, kisha watu wakaenda nyumbani wameridhika. Choo kilibaki kama kilivyokuwa. Wizara ya Shukrani nayo ilijitahidi kuwatungia wimbo watu wa tuta, lakini majina sitini na saba hayakuingia katika mizani, na kumchagua mmoja kungeleta ugomvi. Wimbo ukaachwa.

Tutani kwenyewe mambo yalikwenda bila baragumu. Kati ya wale sitini na saba, baada ya wiki mbili walibaki kumi na wanne. Waligawana siku. Alhamisi ilikuwa mbaya, mara mbili hakutokea mtu, na wale wa Ijumaa wakanung'unika mpaka karibu wavunje kundi. Familia za bondeni zilipata miche kutoka kwa baadhi ya watu na maneno matamu kutoka kwa wengine, na hazikuacha kukumbusha. Mzee Ngwali, aliyekatazwa na Mwajabu kubeba hata jembe, alipelekwa tutani mara moja moja kufundisha. Alikuwa mwalimu mkali asiye na subira. Lakini alifundisha, na alipoona shimo limezibwa kwa udongo usiofaa alifumba macho, akahesabu kimoyomoyo, ndipo akasema.

Somoe alichukua Jumanne. Alisema wazi kwamba anakwenda kwa sababu ya nyumba zilizo chini, si kwa sababu ya tuta, na kwamba saa nne lazima arudi kwenye tanuri lake. Jumanne ya kwanza alirudi na matope na hasira. Ya pili na ya tatu alirudi bila neno. Mwajabu alikuwapo jikoni kwa Somoe Jumanne ya nne, anamwosha mzee miguu, ambayo uvimbe wake ulikuwa umeshuka. Somoe aliingia, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Baba, pale baada ya kona," alisema, "palipo na mawe matatu. Asubuhi kabla watu hawajaamka. Yale maji yanapopita chini ya mawe."

Mzee Ngwali akainua kichwa.

"Ni kama watu wanazungumza chumba cha pili," Somoe aliendelea. "Unasikia kabisa wanazungumza, ila huyapati maneno. Nilikaa pale mpaka nikasahau mikate."

Mguu mmoja wa mzee ulikuwa ndani ya beseni, na mkono wake ukashika ukingo wa kiti.

"Umewasikia?" aliuliza.

"Nimewasikia."

"Nilidhani ni masikio yangu tu," alisema Mzee Ngwali. "Miaka yote hiyo. Nilitaka kukwambia ulipokuwa mdogo, nikaona utanicheka. Kuna mmoja kati yao ana sauti nzito, kama anawatuliza wenzake. Huyo naye umemsikia?"

"Yule wa upande wa kushoto?"

"Huyohuyo."

Somoe akavua viatu, akavuta mkeka, akakaa karibu na beseni, na wakaanza kuulizana, yeye na baba yake, nani kati ya wale husema kwanza na nani hujibu. Mwajabu alimkausha mzee mguu wa mwisho, akaikunja taulo. Akainuka taratibu, akaenda kufunga mizigo yake, maana mle jikoni hapakuwa na kazi iliyokuwa inamngoja.